Redio Hiyo ni ya Nani?

Ndugu msomaji, mtu aliyezoea kusikia kinu cha jirani kikitwangwa kila alfajiri, siku kinaponyamaza hujua kwamba kuna jambo. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu jioni moja ya mwezi Februari, mwaka 2016. Ilikuwa yapata saa 1:30 usiku, wakati ambao redio ndogo ya mji wetu, ulio kando ya Ziwa Victoria, husoma matangazo ya misiba, ya watoto waliopotea, ya mifugo iliyookotwa na bei za samaki za siku hiyo. Mke wangu aliongeza sauti, akazungusha kitufe huku na huko. Hakusikia ila mvumo mtupu. Akanitazama.

“Baba watoto, mbona redio yenu imekufa?”

Nikamjibu kwamba huenda ni hitilafu ndogo ya mtambo. Nilisema uongo. Mimi nilikuwa mweka hazina wa redio ile, na nilijua fika kwamba mtambo haukuwa na hitilafu yoyote. Umeme wa luku ulikuwa umekwisha, na mfuko ulikuwa mtupu. Nilijua pia jambo jingine ambalo yeye hakulijua: kwamba kwa miezi mitatu mfululizo umeme ule nilikuwa nikiununua kwa ada ya binti yetu aliyekuwa chuo cha uuguzi.

Kabla sijaeleza mambo yalivyofika hapo, niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana mapenzi yangu kwa redio hayakuanza juzi. Mwaka 1973, nikiwa mtoto mdogo, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi vya Mtu ni Afya kwa majuma 12. Kila juma wazee wetu walikusanyika chini ya mwembe, kiongozi wa kikundi akiweka redio ya betri juu ya kigoda, nao wakasikiliza habari za malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara, kisha wakajadiliana. Inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya namna hiyo nchini kote. Nakumbuka zaidi yaliyotokea baada ya redio kuzimwa, kwani hapo ndipo majembe yaliposhikwa na vyoo vikachimbwa. Nilijifunza tangu utotoni kwamba redio njema humfanya msikilizaji ainuke mahali alipoketi.

Hata hivyo, redio ile ilisema nasi kutoka Dar es Salaam. Ilituambia habari za taifa zima, na hilo lilikuwa jema na la lazima. Lakini haikuweza kutuambia kwamba bomba la maji la mtaa wetu limepasuka, wala kwamba mtoto wa miaka minne ameonekana akilia karibu na mwalo wa samaki. Kwa sababu hiyo, mwaka 2011, vijana sita waliponifuata katika kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa fundi umeme, wakaniomba niwasaidie kuanzisha redio ya jamii, sikusita. Wenzetu wa mahali pengine walikwisha kutuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kule Ngara palikuwa na redio iliyoanzishwa mwaka 1995, wakati wa wimbi kubwa la wakimbizi. Huko Terrat, katika Simanjiro, wafugaji wa Kimaasai walikuwa na redio yao tangu mwaka 2002. Nao wakulima wa Karagwe walipata ya kwao mwaka 2007. Tukajiuliza: sisi tumepungukiwa nini?

Tulipungukiwa mengi, lakini hatukuyajua. Karibu mwaka mzima ulipita katika kuandika katiba, kuchagua kamati ya watu saba, kusajili chama chetu na kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Chama cha ushirika kilituazima chumba cha ghala. Kuta tulizifunika kwanza kwa trei za mayai kama tulivyoona katika picha, nasi tukagundua kwamba trei za mayai hupendeza macho kuliko masikio. Kilichozuia mwangwi kwa kweli ni mablanketi mazito yaliyotundikwa ukutani na zulia kuukuu sakafuni. Shirika moja la ng'ambo lilitupatia mtambo wa kurushia matangazo wenye nguvu ya wati 100, na likaahidi kugharamia uendeshaji kwa miaka mitatu.

Baadhi ya vijana walinung'unika kwamba wati 100 ni chache. Hapo ndipo ufundi wangu uliponifaa. Niliwaeleza kwamba mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kama jicho linavyoona. Kilima kikikatiza, sauti hukatika. Ili kuongeza nguvu ya mawimbi mara mbili mahali alipo msikilizaji, mtu hulazimika kuongeza nguvu ya mtambo mara nne, naye atalipia umeme huo kila mwezi. Lakini ukiinua antena juu zaidi, mawimbi yatafika mbali kwa mtambo uleule. Mlingoti mrefu hugharimu mara moja. Mtambo mkubwa hugharimu siku zote. Tukasimamisha mlingoti wa mita 30 juu ya kilima nyuma ya ghala, na mwezi Juni mwaka 2012 sauti yetu ikasikika hadi vijiji vya pili na vya tatu kutoka mjini.

Ndugu msomaji, sitaweza kukueleza furaha ya siku zile. Mwanamke aliyefiwa hakulazimika tena kutuma mjumbe kwa baiskeli kutwa nzima. Mtoto yule wa mwaloni, au tuseme wa mfano wake, maana walikuwa wengi, alitangazwa na kupatikana kabla chai haijapoa. Mwalimu mstaafu alisoma hadithi kila Jumamosi. Wavuvi walijua bei ya dagaa kabla ya kukutana na wachuuzi, na wachuuzi hawakufurahi hata kidogo. Tulitangaza saa 18 kwa siku. Kila mtu aliiita “redio yetu”, na sisi wa kamati tulipita barabarani vifua mbele.

La kusikitisha ni kwamba katika miaka mitatu ile hatukumwomba msikilizaji hata mmoja senti moja. Tuliona ni fahari kumpa kila kitu bure. Laiti tungalisoma habari za waliotutangulia! Ng'ambo ya ziwa hilihili letu, huko Homa Bay nchini Kenya, redio ya jamii ilifunguliwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, nayo hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za namna hiyo barani Afrika. Serikali ya wakati ule ikaifunga mwaka 1984. Redio iliyopata uhai wake kwa kibali na msaada wa wengine iliupoteza vilevile.

Tazama kwa upande mwingine wachimbaji madini wa Bolivia, kule Amerika ya Kusini. Tangu miaka ya mwisho ya 1940 walianza kujengea vyama vyao vya wafanyakazi redio ndogondogo migodini, wakizigharamia kwa makato ya mishahara yao wenyewe. Majeshi yalipopindua serikali mwezi Julai 1980, redio hizo ziliungana zikapashana habari mpaka zilipozimwa moja baada ya nyingine kwa nguvu. Wachimbaji wakazifufua tena. Kilichozidhoofisha nyingi mno ni jambo jingine: tangu mwaka 1985 bei ya bati ilipoporomoka na maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wakaachishwa kazi, mishahara iliyozilisha ikatoweka. Kumbe redio, kama mti, hunyauka pale mizizi yake ilipo. Nasi yatupasa kujua mizizi yetu imezama katika udongo gani.

Yetu sisi ilizama katika udongo wa chungu cha maua. Mwezi Juni 2015 miaka mitatu ya wafadhili ikatimia, wakatuaga kwa heshima, wakaondoka. Miezi michache baadaye mtangazaji wetu hodari kuliko wote, binti tuliyemfundisha tangu hajui kushika kipaza sauti, akaitwa na redio moja ya kibiashara ya mjini. Hatukuweza kumlaumu, sisi tulimpa nauli na chai, wenzetu walimpa mshahara.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Akatujia mgombea mmoja, mtu mwenye maneno matamu, akaahidi Sh. 2,000,000 taslimu iwapo tungempa vipindi vya miezi miwili, na iwapo wapinzani wake wasingesikika katika redio yetu. Kamati ilikaa mpaka usiku wa manane. Watatu walisema tupokee, kwani mwenye njaa hana miiko. Watatu walisema tukatae, kwa kuwa maadili ya utangazaji yanataka usawa, na kwa kuwa atakayetununua leo atatuuza kesho. Kura ya saba ilikuwa yangu. Nilikataa. Sijutii kura ile hata leo. Lakini nakiri kwamba tangu usiku ule nilijiona mimi ndiye mdhamini wa redio, na kwamba ikifa, watu watasema imeuawa na fundi umeme mwenye kiburi.

Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo, mvua za vuli zilipoanza, radi ilipiga mlingoti. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuambiwa radi za huku zilivyo. Waya wa shaba wa kupeleka radi ardhini ulikuwa umeibwa miezi miwili kabla, nami, ingawa ni fundi na nilijua hatari yake, nilikubali tuahirishe kununua mwingine wa Sh. 80,000 kwa ajili ya kubana matumizi. Kuutengeneza mtambo kulitugharimu Sh. 1,100,000, yaani akiba yetu yote. Hivyo ndivyo ubanaji wa matumizi usio na akili unavyolipa.

Kuanzia Novemba matumizi yetu ya mwezi yalikuwa Sh. 350,000 na mapato Sh. 205,000. Pengo la Sh. 145,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, ni Sh. 435,000. Katika hizo, Sh. 125,000 lilikuwa deni la vijana wetu kwa mama ntilie. Zilizobaki, Sh. 310,000, nilizitoa mimi katika fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya ada. Kila mwezi nilijiambia kwamba mwezi ujao mambo yatakaa sawa. Kila mwezi nilisoma hesabu mbele ya kamati, na hesabu zikalingana vizuri, kwa kuwa niliandika mchango wangu kwa jina la “msamaria mwema”. Wenzangu walimshukuru mno msamaria huyo.

Mapema mwezi Februari mfuko wa ada ulikauka, ndipo redio ikanyamaza. Siku mbili baada ya jioni ile ya kimya, binti yetu alimpigia simu mama yake. Alikuwa ameambiwa kwamba hataruhusiwa kufanya mtihani mpaka ada itimie, naye alitaka kujua kama baba amesahau.

Nilipotoka kazini nilimkuta mke wangu amekaa barazani, mikono mapajani, sinia la dagaa likiwa pembeni halijaguswa. Hakupandisha sauti. Nilimweleza yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliposikia habari za msamaria mwema alitikisa kichwa, akaniuliza, “Baba watoto, redio hiyo ni ya nani?”

Nikamjibu, “Ni ya watu wote.”

Akasema, “Basi hao watu wote wako wapi? Wanajua kwamba redio yao ina njaa? Katika kikoba chetu, mweka hazina akiiba tunamfukuza. Na mweka hazina akitia fedha zake kwa siri ili kuziba pengo, huyo pia tunamfukuza. Kwa maana wote wawili wametuficha hesabu. Wewe hukuisaidia redio. Umewanyima wenyewe nafasi ya kuisaidia, na umemnyima mtoto wako haki yake, ili wewe uonekane mwema.”

Ndugu msomaji, mimi nimepigwa na umeme mara mbili katika kazi yangu. Maneno yale yaliniuma zaidi.

Jioni iliyofuata niliitisha kamati nikasema ukweli. Mwenyekiti, mzee aliyewahi kuongoza chama cha ushirika, alikaa kimya kitambo, kisha akatoa shauri lililotushangaza: tukope umeme wa siku moja, tufungue redio, tuwasomee wasikilizaji hesabu zetu hewani. Wengine waliona aibu. Mwenyekiti akasema kwamba aibu ya kusema ni ya saa moja, na aibu ya kunyamaza ni ya siku zote.

Nilizisoma mimi mwenyewe, saa 1:30 usiku, mahali pa matangazo ya misiba. Umeme Sh. 95,000. Mafuta ya jenereta Sh. 60,000. Nauli na chai ya vijana wa kujitolea Sh. 160,000. Simu na intaneti Sh. 35,000. Akiba ya matengenezo, hakuna. Nikayasoma mapato. Nikasoma na habari za msamaria mwema, nikataja kwamba ni mimi, kwamba nilifanya kosa, na kwamba najiuzulu. Kisha nikaeleza kwamba luku iliyopo itatufikisha saa 4 usiku.

Usidhani kwamba usiku ule watu walifurika mlangoni na vikapu vya fedha. Mambo hayaendi hivyo. Asubuhi walikuja tisa. Mmoja alikuja kutulaumu tu. Lakini waliobaki waliuliza maswali ambayo sisi hatukuwa tumejiuliza. Mvuvi mmoja aliuliza: kwa nini mnatangaza mchana, wakati sisi tuko majini na wake zetu wako sokoni? Swali hilo peke yake lilikuwa na thamani kuliko semina zote tulizohudhuria. Tukapunguza matangazo kutoka saa 18 hadi saa 9: asubuhi kuanzia saa 11 mpaka saa 3, na jioni kuanzia saa 10 mpaka saa 3 usiku. Umeme ukashuka hadi Sh. 50,000, mafuta Sh. 30,000, nauli na chai Sh. 100,000, pamoja na simu, jumla ikawa Sh. 215,000.

Mwezi wa kwanza kaya 61 zilitoa Sh. 1,000 kila moja, na majina yao yakasomwa hewani, pamoja na hesabu. Tulipojumlisha na mapato ya kawaida tulipata Sh. 266,000. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya redio ile tulibakiwa na Sh. 51,000 zilizokuwa zetu kweli, tukaanza kulilipa deni la mama ntilie. Wakati wa masika wafanyakazi wenzangu wa kiwandani walijichangisha wakatununulia waya wa ardhini, nao ukachimbiwa ndani ya saruji. Mweka hazina mpya alichaguliwa: mama mmoja wa kikoba cha mke wangu, mtu asiyecheka na hesabu.

Kamati ilitaka kunirudishia Sh. 310,000 zangu kidogo kidogo. Mke wangu alikataa. Alisema kwamba deni lile si la redio, ni langu kwa binti yangu, na tena nilipaswa kulilipa kwa jasho langu. Nikafanya kazi za kufunga umeme majumbani kila Jumapili kwa miezi minne. Binti yetu alifanya mtihani wake baadaye, pamoja na waliorudia, wakati wenzake walikwisha kusonga mbele.

Watu waliokusudia kuanzisha redio mitaani mwao huniuliza mara kwa mara mtambo gani ni bora. Huwajibu kwamba mtambo wowote mzuri utafaa, ilimradi mlingoti uwe mrefu na waya wa ardhini uwe mzima. Kisha huwaambia yale ambayo hawakuuliza. Anzeni kuomba mchango tangu siku ya kwanza, hata kama mfadhili yupo, kwa kuwa asiyetoa kitu hana mazoea ya kuuliza kitu. Tangazeni saa chache mnazoweza kuzilipia. Wekeni akiba ya matengenezo kabla ya kununua viti. Na hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, zikiwa nzuri au mbaya, na yule anayezisoma. Tulifundishwa kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, lakini wengi wetu tulidhani kujitegemea ni mtu mmoja kubeba mzigo wa wote bila kulalamika. Sivyo. Ni wote kuujua uzito wa mzigo.

Binti yangu sasa ni muuguzi, na anapokuja likizo humkuta mama yake akisikiliza matangazo ya saa 1:30. Hajawahi kunitamkia neno lolote juu ya mwaka ule aliocheleweshwa. Mwisho wa mwezi hesabu zinaposomwa, huongeza sauti kidogo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha hunitazama. Nami hukaa kimya, nikashukuru kwamba sasa zinasomwa na mtu mwingine.